Nyimbo za kantri za utotoni na mapenzi ya kuimba: ni nini hasa kilichotushika?

Msindimba (Mtwara Mjini) ameuliza:

Wanajukwaa, salaam.

Nina umri wa miaka 51, na kwa miaka 27 sasa naimba sauti ya nne, yaani besi, katika kwaya ya kanisa hapa Mtwara. Juma lililopita kijana mmoja aliyejiunga nasi aliniuliza ni nani aliyenifundisha kuimba, nami nilipofungua kinywa kumjibu nikajikuta nimemtaja mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Tandahimba, ambaye lugha yake sikuielewa, na ambaye alifariki miaka 10 kabla sijazaliwa. Nilimtaja Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Kijana alicheka, nami nikacheka, lakini swali lake limenikaa kichwani tangu siku hiyo.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Tandahimba, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Newala. Alikuwa na redio kaseti na kanda tatu tu: moja ya muziki wa dansi, moja ya kwaya, na moja aliyorekodiwa dukani Dar es Salaam, yenye Jim Reeves upande mmoja, na upande wa pili Don Williams, Kenny Rogers na Skeeter Davis. Neno "kantri" hatukulijua. Kila wimbo wa namna ile tuliuita "wa Jim Reeves", hata kama aliyeuimba alikuwa mwanamke.

Umeme haukuwapo, kwa hiyo muziki wetu ulifuata msimu wa korosho. Korosho zikishapimwa na malipo kutoka, baba alinunua mawe mapya ya redio, yaani betri, na kanda zikaimba kwa nguvu hadi Krismasi. Kufikia Machi mawe yalikuwa yamechoka, nasi tukayaanika juani juu ya ungo pamoja na mihogo ili yapate uhai kidogo. Jioni yalipoanza tena kukata tamaa kanda ilikwenda kwa kuburuta, na Jim Reeves akawa na sauti nzito na huzuni kubwa kuliko alivyokusudia. Hapo ndipo nilipoweza kuimba naye. Mwaka 2014 nilizisikia nyimbo zilezile kwenye simu kwa mara ya kwanza, nikashangaa na kujiuliza mbona mzee huyu anaharakisha hivi.

Naomba msaada wenu katika mambo mawili. Kwanza, je, ni nyimbo zenyewe zilizonipa mapenzi haya, au ni kule kumsikia baba akiziimba pamoja na redio huku akisahihisha madaftari? Pili, mjukuu wangu wa miaka 7 anasikiliza muziki kutwa kwenye simu ya mama yake, anaujua, anaucheza vizuri, lakini haimbi. Nyimbo zile zilikuwa na nini ambacho hizi hazina? Kanda ile ninayo bado, ila imeshika ukungu na naogopa kuipiga.

Mwalimu wa Kwaya (Masasi) amejibu:

Ndugu Msindimba, nimefundisha kwaya kwa zaidi ya miaka 30, na jambo lililonifurahisha zaidi katika maelezo yako ni hayo mawe yaliyochoka, kwa sababu naamini sehemu ya jibu lako imo humo.

Kanda ya kaseti imepangwa kupita kwenye kichwa cha kusomea kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Kasi ikipungua kwa asilimia 6 hivi, wimbo wote unashuka nusu toni. Ikipungua kwa asilimia 11 unashuka toni nzima, na wakati huohuo mwendo nao unapungua. Kwa hiyo kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi, ulikuwa ukipewa wimbo uleule katika funguo mbalimbali na kwa mwendo unaozidi kuwa wa pole. Mwalimu wa muziki akitaka kumzoeza mwanafunzi hufanya hivyohivyo, isipokuwa yeye hahitaji msimu wa korosho. Bila shaka mtoto hakuimba besi. Uliimba oktava moja juu yake, na kila Jim Reeves alipozidi kushuka, wewe ulishuka kutoka juu ulikokuwa ukikaza koo hadi mahali ambapo sauti ya mtoto hutoka bila kulazimishwa.

Lakini mawe peke yake hayatoshi. Muziki wa dansi nao uliburuta Machi, na hujasema kwamba uliokufundisha ni huo. Jim Reeves alikuwa mtangazaji wa redio kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri, na ukimsikiliza kwa makini utaona kwamba kila neno amelitamka hadi mwisho wake. Mwanzoni aliimba kwa sauti kubwa kama wenzake, kisha katika miaka ya 1950 akaanza kusogea karibu kabisa na maikrofoni na kuimba kama mtu anayezungumza na aliyeketi naye kwenye mkeka mmoja. Mtoto akimsikia mtu anayepaza sauti hukaa kimya na kumshangaa, lakini akimsikia anayeimba kwa sauti ya kuzungumza huona kwamba hata yeye anaweza.

Halafu kuna muundo wa nyimbo zenyewe. Nyingi zinazunguka kwenye koradi tatu, yaani zile zinazojengwa juu ya do, fa na so, ambazo mwanakwaya yeyote aliyesomeshwa nota za sol-fa anazikuta katika nusu ya nyimbo za kitabu chake. Mwishoni mwa kila mstari mwimbaji hunyamaza kidogo, na piano au gitaa la kulaza humjibu. Mwanya huo ni mkubwa wa kutosha mtoto kuvuta pumzi, kukumbuka neno linalofuata, au kuingiza sauti yake. Tena nyuma ya Jim Reeves mara nyingi limo kundi la Anita Kerr, ambalo liliimba kwa sauti nne kwa upole sana. Ulidhani unamsikiliza mtu mmoja, kumbe ulikuwa ukisikiliza kwaya. Skeeter Davis naye alikuwa na desturi ya kurekodi sauti yake mara mbili, ya kwanza na ya pili, akaitikiana na nafsi yake. Sijui mfano bora zaidi wa kumwonyesha mtoto kwamba wimbo una zaidi ya njia moja ya kupita, na mimi mwenyewe huutumia kila ninapopata waimbaji wapya wa sauti ya pili.

Kuhusu mjukuu, usimwekee wimbo. Imba wewe, bila chombo, mahali ambapo sauti yake inafika bila taabu, yaani takriban kati ya re iliyo juu ya do ya kati na la inayoifuata. Waimbaji wa besi tuna kosa la kuanzisha wimbo pale panapotufaa sisi, kisha tukalalamika kwamba watoto hawaimbi.

Mtu wa Kitangari amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Maelezo yako ni mazuri, lakini naona mnampa mgeni sifa za wenyeji. Huyu ndugu yetu amejiita Msindimba mwenyewe, kwa jina la ngoma yetu ya sindimba, halafu anasema aliyemfundisha kuimba ni mtu wa Texas! Mtoto wa Kimakonde anaisikia ngoma akiwa bado mgongoni, na akienda jandoni anakaa siku nyingi ambazo kazi yake kubwa ni kuimba na kuitikia, tena kwa kukumbuka kila neno, maana akikosea anarudishwa. Nyimbo zenyewe sitazitaja hapa, na waliopita huko wanajua kwa nini. Koo lilikuwa limefunguliwa tayari. Jim Reeves aliingia katika nyumba iliyokwisha jengwa.

Nachingwea ya Zamani amejibu:

Namuunga mkono Mtu wa Kitangari kwa nusu tu, na nusu nyingine namwachia babu yangu aizungumze.

Babu alifika Nachingwea wakati wa Mpango wa Karanga, ule ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, ukatuachia bandari ya Mtwara na reli ambayo nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mzungu mmoja alipofungasha kurudi kwao alimuuzia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, kwa bei ya kutupa, pamoja na santuri chache, na mojawapo ilikuwa ya Jimmie Rodgers. Huyu aliimba miaka mingi kabla ya Jim Reeves, na alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Alikuwa amefanya kazi kwenye treni, na babu naye baada ya Mpango kufa alifanya kazi relini, kwa hiyo alimhesabu kama mwenzake wa kazi ingawa alichoambulia katika maneno yake ni "treni" tu.

Sifa kubwa ya Jimmie Rodgers ni ile namna ya kuivunja sauti, akaitoa kifuani na kuirusha ghafla hadi kichwani, kisha akairudisha. Babu aliiga hadi akaimudu, kisha akaitafutia kazi: aliitumia kufukuza ngedere shambani. Sauti ya namna hiyo inakwenda mbali kuliko kelele ya kawaida, na haimchoshi mtu upesi. Sisi wajukuu tuliokuwa tukilinda mahindi naye tulifundishwa hivyo, na hadi leo nikiimba, mahali ambapo wengine hukaza koo mimi napita bila shida. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba ule mwito wetu wa ngedere ulikuwa umetoka kwenye santuri.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, aliwakuta Wakipsigis wa Kenya wakimwimba mtu waliyemwita Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, lililopita katika ndimi za Kikipsigis. Walikuwa wamemsikia kwenye gramafoni, na kwa maelezo ya Tracey, wasichana walioimba wimbo huo walimfikiria kuwa kiumbe nusu mtu na nusu paa. Hapo nani amemfundisha nani? Koo lilikuwa lao, kinubi kilikuwa chao, na wimbo ulikuwa wao, lakini bila santuri ile usingekuwapo. Na tukitaka kuhesabiana madeni kwa haki, basi tukumbuke kwamba banjo yenyewe, ambayo watu huiona kama nembo ya kantri, ilitokana na vyombo vya Waafrika waliochukuliwa utumwani Marekani.

Binti wa Ndoro (Lindi) amejibu:

Kaka Msindimba, mimi nina ushahidi unaopingana na sehemu ya kwanza ya swali lako, ile ya baba kuimba.

Nyumbani kwetu hakuna aliyeimba na redio. Ilikuwa ya baba, ilikaa juu ya kabati na kitambaa chake cha kufuma, na mtoto wa kike akisikika akiimba nyimbo za Kizungu kaka zake walimwambia ataachwa bila mchumba. Nilijifunza kuimba kwa siri jikoni, nikikuna nazi. Baadhi ya nyimbo hizo zina mwendo wa tatu, pigo moja zito na mawili mepesi, na aliyewahi kukaa juu ya mbuzi anajua kwamba mkono wenyewe ukikuna nazi unaweza kwenda hivyohivyo: sukuma, zungusha, vuta. Mama alidhani nina bidii ya kazi. Niliyempenda zaidi ya wote ni Dolly Parton, kwa sababu sauti yake ilikuwa mahali palepale sauti yangu ilipokuwa. Hao wanaume wenu wenye sauti nzito niliwasikiliza kwa heshima tu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari zake. Alikuwa mtoto wa 4 kati ya watoto 12, katika nyumba maskini huko milimani Tennessee, akaanza kuimba katika kanisa ambalo babu yake alikuwa mhubiri, na alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi alikuwa tayari akisikika redioni huko Knoxville. Nilijiambia kwamba tofauti yetu si ndogo, maana yeye alipewa kanisa zima limsikilize nami nilipewa chungu cha mchuzi. Hata hivyo wimbo ulikaa. Nilipoolewa niliingia katika kundi la kina mama wanaosoma kaswida, na mpaka leo mimi ndiye ninayeanzisha. Watu husema nina namna ya kuibembeleza herufi ya mwisho kabla sijaiacha. Sijawahi kuwaambia nimeitoa wapi!

Kuna jambo moja zaidi ambalo hamjaligusa. Sikujua Kiingereza hadi nilipofika kidato cha pili, na ndipo nilipogundua kwamba wimbo niliouimba kwa furaha miaka yote ile ni wa mwanamke anayemsihi mwanamke mwenzake asimchukulie mwanamume wake. Nilicheka, kisha nikauimba tena usiku huo, na kwa mara ya kwanza nikasikia mahali ambapo sauti inatetemeka kwa sababu ya maana. Naamini nilibahatika kuupata wimbo mara mbili, mara ya kwanza kama sauti tupu na mara ya pili kama kisa. Aliyeelewa maneno tangu mwanzo amepata mara moja tu.

Msindimba amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Dada wa Ndoro na ndugu wa Kitangari na Nachingwea, ahsanteni.

Mmenilazimisha kukumbuka vizuri zaidi. Nilisema baba aliimba, lakini nikitafakari sawasawa, baba hakuwa akiimba. Alikuwa akivumisha tu huku mdomo umefumbwa, kalamu nyekundu mkononi, na alikatiza kila alipokutana na hesabu iliyokosewa. Aliyeimba ni mama. Yeye hakujua Kiingereza hata neno moja, kwa hiyo alikuwa ameutilia wimbo mmoja maneno yake ya Kimakonde, yaliyohusu njia ya kuteremka bondeni kuchota maji na jinsi ndoo inavyozidi kuwa nzito kabla ya kufika juu. Wenzetu wa uwanda wa Makonde wanajua kwamba hakuwa akitunga uongo. Aliyaingiza maneno yale katika ile mianya aliyoisema Mwalimu, baada ya Jim Reeves kunyamaza, kama anavyoitikia mtu ngomani. Hivyo Mtu wa Kitangari ameshinda kwa kiasi kikubwa, nami sina neno juu ya jina langu.

Kwa miaka hii yote nimekuwa nikisema najua wimbo wa Jim Reeves, kumbe maneno ninayoyajua hadi mwisho ni ya mama.

Juzi jioni nilifuata ushauri. Nilimwimbia mjukuu wimbo huo kwa maneno ya bibi yake mzaa babu, bila simu, nikiwa nimeupandisha hadi koo langu likalalamika. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Babu, mbona unaenda polepole hivyo?" Jana nilimsikia akiuimba uani, haraka haraka, na maneno yamekosewa karibu yote.

Sasa limebaki suala la kanda. Ni nani anayeweza kunisaidia?

Fundi Redio (Chikongola) amejibu:

Mzee Msindimba, shikamoo. Tafadhali usiipige kanda hiyo katika hali iliyo nayo, kwa sababu ukungu hushikamanisha utepe, na redio ikivuta kwa nguvu utepe utakatika au utabanduka rangi. Usiiweke juani pia. Kilichofaa kwa mawe hakifai kwa kanda. Ikiwa ganda lake lina skrubu tano ndogo, nitalifungua. Ikiwa limegandishwa, nitalikata kwa uangalifu na kuhamishia utepe katika ganda jingine. Kisha nitauzungusha polepole kwa mkono mara kadhaa, nikiupitisha katika kitambaa laini kikavu, na nitasafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti kila baada ya dakika chache. Kazi hiyo inachukua siku moja au mbili, halafu tutairekodi kwenye kompyuta kwa mpigo mmoja, kwa kuwa sitaki kuipitisha zaidi ya mara moja.

Naomba tu uniambie jambo moja mapema. Mota ya redio kaseti ina skrubu ndogo ya kurekebisha kasi, nami kwa kawaida naiweka kwenye kasi halali ya kiwandani. Je, unataka niiweke hivyo, au nikushushie hadi ifike Machi?

Msindimba amejibu:

Marahaba, Fundi. Jumamosi asubuhi nitakuletea. Upande wa Skeeter Davis uweke kama kiwanda kilivyotaka. Upande wa Jim Reeves, tafadhali shusha toni moja.